Pole Iliyopelekwa Kamatini

Obeid hakubisha hodi. Aliingia chumba cha daktari na viatu vyake vya ncha kali, akamkuta mzee Ambrosi amelazwa kwenye kiti, mdomo wazi, upande mmoja wa uso umekwisha kufa ganzi, na Daktari Veneranda Kihwele kainama juu yake na koleo mkononi.

"Endelea tu, dokta," akasema. "Vunja taya la huyo kwanza. La dada yangu ulishamaliza."

"Kaka, humu ndani kuna mgonjwa."

"Hata dada yangu aliingia humu humu mgonjwa. Akatoka kilema."

Alisema hayo akiwa ameugeukia mlango aliouacha wazi, maana maneno yale hayakuwa ya daktari. Yalikuwa ya watu wa kwenye benchi. Ilomba ni mtaa wa watu wanaosikia, na siku ile walisikia vizuri. Kisha akatoa bahasha ya kaki, akaiweka juu ya sinia la vyuma, juu kabisa ya vyuma vilivyokwisha chemshwa, akaigongagonga kwa kidole kama mtu anayebandika stempu.

"Ya wakili hiyo. Siku kumi na nne. Kama Kiingereza kimekupita kushoto, tafuta wa kukusomea."

Akaondoka. Nasrin, muuguzi wa pale, akakimbilia lile sinia, akalibeba lote kwenda kuchemsha upya. Mzee Ambrosi akajiinua kwa viwiko. Mate yalimchuruzika upande wa ganzi asijue.

"Dokta, hili jino... tuliache kwanza?"

"Mzee wangu, sindano imeshaingia. Dakika mbili tu."

"Nitakuja siku nyingine, mwanangu. Mke wangu ananisubiri sokoni." Mke wake alikufa miaka mingi nyuma, na Veneranda alikwenda mazishini. Mzee akateremka, akavaa kofia yake, akatoka na ganzi ya bure na jino lake bovu.

Kwenye benchi wakaanza kunyanyuka. Mama mmoja mwenye kitenge cha kijani akamfuata Nasrin mpaka kwenye jiko la kuchemshia.

"Nesi, nirudishie ile ya kadi."

"Kadi si umeshaandikwa, mama?"

"Nimeandikwa, sijang'olewa. Unataka nilipie mwandiko wako?"

Akarudishiwa. Na wa nyuma yake naye akarudishiwa. Saa nne asubuhi benchi likawa tupu, na barua ikawa bado haijafunguliwa.

Ilipofunguliwa, ilisema hivi. Kwamba Bupe, dada yake Obeid, mshereheshaji anayejulikana Mbeya nzima kwa sendofu na harusi, aling'olewa gego la chini na Daktari Veneranda. Kwamba tangu siku ile mdomo wake wa chini hauna hisia, chai inamwagika, maneno yanamponyoka, watu wamefuta miadi ya sherehe. Kwamba analalamika kwenye kamati ya wataalamu ili daktari anyang'anywe leseni, na baada ya hapo atamfikisha mahakamani adai fidia. Hayo yote Veneranda aliyatarajia tangu alipoanza kusikia minong'ono. Hakutarajia aya ya mwisho. Ilisema kwamba daktari mwenyewe alikiri kosa kwa simu na kuomba radhi, na sauti yake imehifadhiwa.

"Uliomba radhi lini?" Nasrin akauliza.

Veneranda akakaa kwenye kile kiti cha wagonjwa. Akakumbuka. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba jeraha la Bupe limechelewa kupona, akampigia. Akamwambia: mama Bupe, pole sana, pole mama yangu, nimeumia kusikia hivyo, njoo nikuangalie.

"Nilimpa pole."

"Pole?" Nasrin akacheka kicheko kikavu. Babu zake walitoka pwani kuja kuuza nguo nyanda hizi, na Kiswahili kwake ni mali ya urithi, hakipokei matusi. "Mtu akijikwaa unampa pole. Kwani wewe ndiye uliyetega jiwe?"

"Humu wameandika sori."

"Basi hawajui wanachoandika."

"Wanajua sana, Nasrin," Veneranda akasema. "Hapo ndipo tatizo lilipo."

*

Mumewe, Liberatus, alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa kusahihisha kila kitu kwa wino mwekundu, hata mazungumzo ya mezani. Alisoma barua ile akiwa amesimama.

"Mama Yusta, nani alikutuma upige simu?"

"Nani ananituma kumjulia hali mgonjwa?"

"Nakuuliza kama mahakama itakavyouliza. Wagonjwa wako wote unawapigia?"

Akageuza ugali kwenye sufuria.

"Unaona? Kimya. Wakikuuliza hivyo ukakaa kimya hivyo, umekwisha. Tumekwisha. Mimi sikwambii uwe na roho mbaya. Nakwambia roho nzuri uiache nyumbani, kazini ubaki na koleo."

"Baba Yusta, yule mama alikuja kwangu na shavu kama embe. Nikamuuliza, umeweka dawa yoyote humu? Akasema karafuu. Nilipofungua, fizi ilikuwa nyeupe, imeungua, mfupa unaonekana. Karafuu haichomi hivyo."

"Uliandika?"

"Niliandika fizi imeungua. Sikuandika imeunguzwa na nini. Ningeandika nini, na mgonjwa anasema karafuu?"

"Ungeandika mgonjwa mwongo."

"Hatukufundishwa kuandika hivyo."

"Ndiyo maana wenzio wanajenga ghorofa," Liberatus akasema, akavuta kiti. Wakala, huku Yusta, binti yao, akiwaangalia mmoja mmoja kama anayetazama mpira ukipigwa huku na huku.

Wakili waliyempata aliitwa Adrian. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vipuri, na kila alipozungumza chini walikuwa wanagonga chuma. Aliwasikiliza kwa dakika chache, akasema jambo moja la maana: "Kesi hii haina mdomo wala jino. Ina pole. Mkaiondoe kwa mwenye nayo kabla haijafika kamatini."

*

Basi Veneranda akaenda kwa Bupe, mchana, peke yake. Obeid alikuwa safarini Tukuyu. Bupe alikuwa uani amekaa kwenye mkeka na kanga begani, kikombe cha chai mbele yake, na kitambaa. Alikuwa mwanamke mkubwa, wa sauti. Watu walikuwa wanasema MC Bupe hahitaji kipaza sauti, kipaza sauti ndicho kinamhitaji. Alipomwona daktari hakusimama.

"Karibu. Leo huna pole?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Obeid akikukuta hapa atasema umekuja kunihonga."

"Nimekuja mikono mitupu, mama."

"Hata hiyo ni kosa. Unakuja kwa mgonjwa mikono mitupu?" Bupe akacheka, na alipocheka mdomo wa chini ukabaki nyuma, haukucheka naye. Akaufuta kwa kitambaa kwa haraka ya mtu aliyekwisha zoea aibu. "Unaona? Huu mdomo si wangu. Nikinywa chai sijui kama imeingia au imemwagika. Juzi nimesimama kwenye sendofu, niseme 'bwana na bibi harusi', mate yakanitoka mbele ya wakwe. Mtoto akacheka. Wamemweka mwingine amalizie, kijana, hajui hata kuita meza kuu."

Veneranda alifumba mikono mapajani. Neno lilikuja mpaka mlangoni mwa meno, akalirudisha.

"Mama, ile simu. Unajua nilichomaanisha."

"Najua ulichosema."

"Pole ni pole. Hata mlevi akianguka anapewa."

"Sikiliza, binti yangu. Mimi nimekuwa mgonjwa wako tangu unafungua pale. Umeniziba jino, umeniosha meno, nimekuletea na wageni wangu. Siku ngapi ulinipigia simu kuniuliza nimeamkaje? Hata moja. Halafu siku ile, mdomo umekufa, ndiyo unapiga. Kwa nini siku ile?"

Pale ndipo palipouma, kwa sababu palikuwa na ukweli. Veneranda alipiga kwa huruma, lakini alipiga pia kwa sababu aliogopa. Mtu akiweka mkono wake kwenye kinywa cha mwenzake, anabaki na hofu hata pale asipokuwa na kosa.

"Niliogopa, mama," akasema.

Bupe akainama, akapunguza ile sauti ambayo haikuwahi kupunguzwa.

"Ulikuwa umeanza."

"Nini?"

"Ganzi ya mdomo. Ilikuwa imeanza kabla hujaning'oa. Niliweka maji ya betri. Fundi wa magari alinipa, akasema yanaua mzizi. Niliweka mara mbili. Ya pili nililia mpaka majirani wakaja."

Kuku wa uani akapita kati yao.

"Mama, mbona nilikuuliza?"

"Ungenicheka. Mtu mzima, MC Bupe, anajimwagia maji ya betri mdomoni kama betri ya lori. Niliona aibu."

"Kaseme hivyo kamatini. Sentensi moja tu, mama. Leseni ile ndiyo nyumba yangu, ndiyo ada ya mwanangu."

"Nitasemaje? Obeid ameuza ng'ombe wa baba kumlipa wakili. Kanisani nilishasimama wakaniombea, nikasema daktari kaniua. Leo nisimame niseme nilijiua mwenyewe?" Akaufuta mdomo. "Wewe bado kijana. Utapata leseni nyingine. Mimi mdomo mwingine nitautoa wapi?"

"Basi hata mimi unaniua."

"Ndaga, mwanangu," Bupe akasema kwa Kinyakyusa chake, neno la kushukuru ambalo pale lilikuwa la kuaga. "Nenda kabla Obeid hajarudi."

Veneranda hakuwa amerekodi chochote. Hakuwa mtu wa kurekodi watu. Liberatus aliposikia hilo alipiga meza kwa kiganja, akatoka nje, akakaa kwenye tofali mpaka chakula kikapoa.

*

Babu zetu walihukumiwa kwa lugha wasiyoijua, na mkalimani akala sahani mbili, ya bwana na ya mfungwa. Bendera ikabadilika. Sheria ikaja kutamka kwamba haki itolewe kwa Kiswahili, watu wakapiga makofi. Lakini wenye suti hawajawahi kuiona haki iliyovaa kanga. Wakikaa kamati wanasalimiana kwa Kiswahili, wanakunywa chai kwa Kiswahili, wanatongozana kwa Kiswahili, na ikifika kumvunja mtu mgongo wanavuta Kiingereza kama fundi anayevuta nyundo.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wenye mapazia mazito. Mwenyekiti alikuwa bwana mpole mwenye miwani. Kando yake katibu alikuwa anaandika, kwa Kiingereza, kila neno lililosemwa kwa Kiswahili. Bupe alikaa nyuma na kitambaa chake, Obeid ubavuni. Ile sauti ikachezwa kwenye simu: mama Bupe, pole sana, pole mama yangu, nimeumia kusikia hivyo.

"Daktari, sauti ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Ulimwambia sori?"

"Nilimwambia pole."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Siyo hiyo hiyo. Nilipofika hapa mlinzi wa getini aliniambia pole na safari. Yeye siye aliyenisafirisha."

Wawili watatu wakacheka. Mwenyekiti naye akatabasamu, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama ukumbi ule una watu ndani yake. Katibu akainua kalamu.

"Mwenyekiti, niandikeje? Kiingereza hakina hii ya mlinzi."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Andika: amekubali kwamba alitamka maneno hayo."

Adrian akasimama, akaeleza fizi iliyoungua, kemikali, mfupa. Akaulizwa ushahidi wa kemikali. Akamgeukia Bupe, akamuuliza kama aliweka kitu chochote kwenye jino lake.

Veneranda hakugeuka, alitazama mikono yake juu ya meza, akasikia Bupe akivuta pumzi ndefu, ya mtu anayetaka kuanza hotuba.

"Karafuu," Bupe akasema.

Leseni ikasimamishwa mwaka mzima. Kliniki ikafungwa kwa karatasi iliyogundishwa mlangoni, na Obeid akapita kuipiga picha. Ili kesi ya fidia isifike mahakamani, kiti cha wagonjwa, mashine ya hewa na lile jiko la kuchemshia viliuzwa kwa mtu wa Tunduma, na fedha ikaenda kwa Bupe na kaka yake. Nasrin akarudi dukani kwa baba yake. "Una haki ya kukata rufaa," barua ya kamati ilisema mwishoni, kwa adabu nyingi, kama mwenye nyumba anayekukumbusha kuchukua mwavuli baada ya kukufukuza. Rufaa ilikuwa Dodoma. Rufaa ilikuwa na wakili, nauli, nakala na mihuri. Veneranda akaikunja.

*

Alirudi Iringa kwa mama yake, mtaa wa Mlandege, maana Ilomba watu walikuwa wanamsalimia kwa kuzungusha macho. Liberatus na Yusta walibaki Mbeya kwa sababu ya shule. Mama yake, Bibi Rozalia, alikuwa na genge la mboga na hakuuliza mengi. Alimpa kisu na fungu la mchicha. Jirani wakija na mashavu yamevimba, Veneranda aliwaelekeza hospitali bila kuwafungua mdomo, na jirani wakaondoka wakisema mtoto wa Rozalia amejaa majivuno ya Mbeya.

Mvua zilikuwa zimeanza Bupe alipofika. Alishuka bajaji akiwa amejifunga kitenge kichwani na kidevuni, kama mwenye matumbwitumbwi. Alikuwa amesafiri siku nzima kwa basi. Sauti ilikuwa imekwisha. Ilitoka nzito, kama ya mtu mwenye ndizi ya moto mdomoni.

"Kamwene, mama," Bibi Rozalia akamwamkia kwa Kihehe, asimjue. Veneranda alimjua kabla kitenge hakijafunguliwa.

"Gego la upande wa pili," Bupe akasema. "Nimezunguka Mbeya yote. Nikitaja jina tu, mashine imeharibika. Mwingine ameniambia daktari amesafiri, na ndiye anayeniambia. Kijana mmoja akasema waziwazi: mama, wewe unashitaki." Akamshika Veneranda mkono. "Nishike wewe."

Veneranda alifungua kitenge. Uvimbe ulikuwa umevuka taya, umeshuka chini ya kidevu, umezunguka shingo, mgumu kama ubao. Ulimi ulikuwa umenyanyuliwa juu. Mate yalikuwa yanatoka kwa sababu hayamezeki. Alijua hicho ni nini. Alijua hata pa kupasua ili usaha upate njia kabla haujafunga koo, na alijua kwamba haki ya kupasua pale iko kwenye kabati la katibu wa kamati.

"Tunakwenda hospitali. Sasa hivi. Mama, niitie bajaji ile isiondoke."

Zamu ya meno ilikuwa ya Daktari Aroni, kijana aliyesoma chuo kimoja na Veneranda, madarasa ya nyuma yake. Alimwangalia mgonjwa akakunja uso kama mtu wa kazi, akavaa glavu. Kisha nesi akamsomea jina kwenye kadi. Mikono ikasimama hewani.

"Ndiye yule?"

"Ndiye," Veneranda akasema. "Aroni, anafunga koo. Pasua."

"Dada, nahitaji saini ya ndugu. Nahitaji mume au huyo kaka yake wa kesi aje asaini hapa, kwa mkono wake."

"Kaka yake yuko Mbeya na simu haipokelewi. Mgonjwa mwenyewe atasaini."

"Alikusainia wewe pia." Alisema hivyo bila ubaya, akawa anazivua glavu kidole kimoja kimoja. "Dada, nina watoto wawili. Wewe ulimpa pole tu. Mimi nikimpasua shingo akanifia mezani, nitakwenda wapi? Nitampa rufaa. Mbeya wana chumba cha wagonjwa mahututi."

"Hafiki Mbeya. Unajua hafiki."

"Nitaandika ya dharura."

Bupe alikuwa anasikia. Alimvuta Veneranda gauni, akahangaika na ule ulimi ulioinuka.

"Rufaa ya nini?" akauliza. "Si nilishashinda?"

Hakuna aliyecheka. Veneranda akamfungia kitenge vizuri, akamwambia rufaa hii ni ya gari, mama, siyo ya kesi.

Gari lilichelewa, kwanza dereva, halafu mafuta. Lilipoteremka mlima kuelekea Ipogolo kushika barabara kuu, Bupe alikuwa amekaa wima kwa sababu akilala hapati hewa, ameegemea kifua cha Veneranda. Nesi alishika chupa ya maji ya dripu na kutazama dirishani. Walipita Ipogolo. Malori yalikuwa yamejipanga kwenye mizani. Baada ya hapo pumzi zikaanza kuja kama maji ya bomba la mtaani, zinakatika, zinarudi kidogo, zinakatika. Bupe alimshika Veneranda vidole viwili, akavivuta kwenye koo lake, akavikandamiza pale pale ambapo kisu kingeingia. Alikuwa anamwonyesha daktari mahali.

"Sina kitu, mama," Veneranda akasema. "Sina kitu mkononi."

Dereva alisimamisha gari kabla ya Ifunda, wala hakuna aliyemwambia asimame.

Simu ya Bupe ililia ndani ya mkoba wake wakati nesi anamfunika. Ilikuwa Obeid. Alikuwa ameona simu nyingi zisizopokelewa. Veneranda akamweleza alipo, alikuwa na nani, na kwamba dada yake amefariki. Kwanza kilikuja kilio cha mwanaume, halafu kilio kikakatwa, ikarudi ile sauti ya bahasha.

"Nani alimgusa? Nataka jina. Nani alimgusa dada yangu?"

Lori lilipita likalitikisa gari lote.

"Hakuna, kaka," Veneranda akasema. "Kuanzia Mbeya mpaka hapa, hakuna hata mmoja aliyemgusa."